Mahali Golgi Ilipopotelea Katika Mchoro Wangu

Jumapili, usiku

Leo nimelifungua tena daftari langu la bayolojia la miaka ya shule, nikaukuta ule mchoro wa mitosisi, yaani mgawanyiko wa seli moja kuwa mbili, ambao karibu kila mwanafunzi huuchora: visanduku vilivyopangwa mstari mmoja, kromosomu zikijikunja, zikijipanga katikati, zikivutwa huku na huku, kisha seli mbili. Niliuchora kwa uangalifu mkubwa, hata rangi nilitia. Kilichonishtua ni kwamba katika kisanduku cha kwanza seli ina mitokondria (vizalisha nishati), ina Golgi (mahali protini zinapopangwa na kusafirishwa), ina mtandao wa endoplazimu (tando zinamotengenezwa protini na mafuta), na kiini chake kimezungushiwa mistari miwili ya utando. Kuanzia kisanduku cha pili vyote hivyo havipo, hadi kile cha mwisho, ambamo vimerejea vikiwa maradufu. Sikuwahi kuuliza vilikwenda wapi. Kwa majuma kadhaa sasa nimekuwa nikisoma juu ya jambo hilo, na ninakiri kwamba pale nilipoacha patupu ndipo penye kazi iliyonivutia kuliko kromosomu zenyewe.

Kazi hiyo ya kuvunja viungo vya ndani ya seli na kuvirudisha huanzishwa na protini iitwayo Cdk1, ambayo ikiwa peke yake haina nguvu mpaka ishikane na mwenzake, saiklini B. Saiklini ya kwanza iligunduliwa mwaka 1982 na Tim Hunt huko Woods Hole, Marekani, alipokuwa akichunguza mayai ya mnyama mdogo wa baharini mwenye miiba mwili mzima, akaona protini inayojikusanya taratibu kisha inatoweka kwa ghafla kila mayai yanapogawanyika. Mwaka 2001 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Leland Hartwell na Paul Nurse, ambao walikuwa wameufikia mtambo huo huo wa kuendesha mgawanyiko wa seli kwa kuchunguza hamira. Cdk1 ni kinasi, yaani kimeng'enya kinachochukua fosfati kutoka kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kuibandika juu ya protini nyingine. Fosfati yenyewe ni atomu moja ya fosforasi na nne za oksijeni, kitu kidogo mno kikilinganishwa na protini inayobandikwa, lakini hubeba chaji hasi, na chaji hiyo ikiwekwa mahali panapostahili hutosha kuzitenganisha protini mbili zilizokuwa zimeshikana. Cdk1 hubandika fosfati juu ya mamia ya protini, na kila oganeli (kiungo cha ndani ya seli) huipokea ishara hiyo kwa namna yake.

Utando wa kiini ndio mfano ulionifungua macho kwanza. Chini yake kuna wavu uliosukwa kwa protini ziitwazo lamini, ambao ndio unaokipa kiini umbo lake. Mwaka 1990 ilionyeshwa kwamba lamini A zikibadilishwa katika sehemu mbili tu, serini (aina ya amino asidi, yaani kiungo cha mnyororo wa protini) ya 22 na ile ya 392, zisiweze kupokea fosfati, wavu huo hukataa kufumuka ingawa mgawanyiko umeanza. Serini mbili katika mnyororo wenye amino asidi zaidi ya mia sita! Nilipokuwa mwanafunzi niliandika kwamba utando wa kiini "huyeyuka", na neno hilo sasa linanisumbua, kwa sababu linaficha mpangilio wote: matundu ya utando hufunguliwa vipande vipande, lamini hufumuliwa, na tando zenyewe hurudi ndani ya mtandao wa endoplazimu zikisubiri kutumika tena.

Hata hivyo, Golgi ndiyo iliyonikalisha macho mpaka usiku wa manane. Camillo Golgi aliieleza mwaka 1898 baada ya kuiona katika seli za neva za bundi, na kwa miaka mingi baadaye wapo waliodhani kuwa kile alichokiona ni dosari ya rangi alizotumia. Katika seli za wanyama wa jamii yetu, Golgi ni marundo ya vifuko bapa vilivyoungwa kuwa utepe mmoja karibu na kiini. Seli ikitaka kugawanyika, utepe huo hukatwa kwanza, kisha marundo yenyewe husambaratishwa kuwa vipande vidogo vinavyotapakaa kote. Mojawapo ya protini zinazoyashughulikia hayo ni GM130, ambayo kwa kawaida hushikana na protini nyingine, p115, inayosaidia vifuko vidogo vya usafiri kufikia tando vinakokwenda kuungana. Cdk1 hubandika fosfati juu ya serini ya 25 ya GM130, na kuanzia hapo p115 haina pa kushika. Vifuko huendelea kuchipuka kutoka kwenye Golgi lakini haviwezi kurejea na kuungana nayo, hivyo Golgi hupungua mpaka rundo linakwisha. Ninaona uzuri mkubwa hapa: seli haikuhitaji chombo kipya cha kuvunja, kwani usafiri uleule wa kila siku, ukizuiwa upande mmoja, unatosha.

Kisha nikakutana na jaribio la mwaka 2002 linalohusu GRASP65, protini inayogandisha vifuko vya Golgi pamoja. Watafiti walipoizuia isifanye kazi yake kwa kingamwili zilizodungwa ndani ya seli, seli hizo zilikwama zisiingie kwenye mitosisi. Lakini Golgi ilipovunjwa kabla kwa dawa, kizuizi kikaondoka. Maana yake ni kwamba seli huikagua Golgi kabla ya kujigawa, kama inavyokagua DNA yake. Nilisoma aya hiyo mara tatu, kisha nikausogeza mchoro wangu mbele nikautazama kwa muda mrefu.

Mtandao wa endoplazimu nitautaja kwa kifupi: huondolewa eneo la kromosomu na la nyuzi zinazozivuta, na protini STIM1, ambayo huuunganisha na ncha za mikrotubuli (mirija myembamba ya protini) zinazokua, hupewa fosfati ili iachie. Mitokondria zina hali ya peke yake, kwa kuwa seli haiwezi kuziunda upya kutoka sifuri. Seli changa isiyorithi hata moja haitaipata kamwe. Kwa hiyo mtandao wao mrefu hukatwakatwa ili kila upande upate fungu. Mkataji ni Drp1, protini inayojizungusha kama pete na kubana, nayo huchochewa na Cdk1 kupitia serini ya 616. Kinasi nyingine, Aurora A, husaidia kuileta Drp1 kwenye mitokondria kwa kupitia protini RalA.

Usiku huu nimebaki nikifikiria upande wa pili, ule wa kufuta. Kuna vimeng'enya vingine, fosfatasi, ambavyo kazi yake ni kuziondoa fosfati hizo, navyo vimo ndani ya seli wakati wote. Kama fosfatasi PP2A ingeachwa huru, ingefuta alama mara tu zinapowekwa, na ndiyo sababu kinasi iitwayo Greatwall huifunga wakati wa mitosisi. Baadaye kromosomu zote zikishashikwa barabara na nyuzi zake, changamano la protini liitwalo APC/C huipa saiklini B alama ya kuharibiwa, Cdk1 hupoteza nguvu, fosfatasi hufunguliwa, na kila kitu huanza kurejea: lamini hujisuka tena, p115 huishika GM130, vifuko huungana, na tando za endoplazimu huzifunika kromosomu kila upande. Matundu yanayobaki katika utando mpya huzibwa na protini za ESCRT-III, ambazo muda mfupi baadaye hukata daraja la mwisho kati ya seli mbili. Katika seli nyingi za binadamu zinazokuzwa maabara, yote haya huchukua takriban saa moja katika mzunguko wa karibu saa 24.

Nimeuchora mchoro upya kwenye ukurasa unaofuata. Katika kisanduku cha tatu nimetia nukta nyingi za kijani kuzunguka kromosomu kwa ajili ya Golgi, na vipande vifupi vyekundu kwa ajili ya mitokondria, na pembeni ya kisanduku cha nne nimeandika kwa penseli: saiklini B inaharibiwa hapa.