Shingo ya dada yangu

Nimetoka hospitali sasa hivi. Mikono bado inanitetemeka.

Dada alikuwa anaumwa shingo wiki nzima. Leo asubuhi nikamsindikiza kwa mtaalamu wa kunyoosha viungo.
Akamshika kidevu, akamzungusha shingo mara moja, kwa nguvu. Ikalia ko! Dada akatabasamu, akasema amepata nafuu.

Nusu saa baadaye akaomba maji.
Akanywa, maji yakamtoka pembeni mwa mdomo, yakamchuruzika hadi kwenye kola. Hakuhisi kitu. Mimi ndiye niliyemfuta.
Kisha akaniambia ananiona wawili.

Daktari ametueleza kuwa kuna mishipa miwili ya damu inayopanda ubongoni kupitia vitundu vya pingili za shingo. Shingo ikizungushwa ghafla, ukuta wa mshipa unaweza kuchanika kwa ndani, damu ikaganda, mtu akapata kiharusi. Ni nadra, lakini hutokea.

Na hakuna aliyetuambia kabla! Hilo ndilo linaloniuma.

Amelazwa. Anaongea, ila ulimi mzito.

Jamani, kuna aliyeuguza mtu wa namna hii? Alichukua muda gani kupona? Niandikieni, usiku huu sina usingizi.