Siku Moja Maishani Mwangu: Kusoma Vipimo vya Ratiba ya Mradi

Kazi yangu ni kusimamia ratiba katika mradi wa ujenzi wa jengo la ofisi uliopangwa kuchukua miezi 10, na leo ninafunga taarifa ya mwezi wa 9.

Saa mbili asubuhi ninapitia taarifa za wasimamizi wa mafundi. Mmoja ameandika kwamba kazi yake imefikia asilimia 90, kama alivyoandika mwezi uliopita, nami ninairudisha. Katika mradi huu kazi fupi haihesabiwi hata kidogo mpaka ikamilike na kukaguliwa, na kazi ndefu hugawanywa katika hatua ambazo mtu anaweza kuziona kwa macho, kwa sababu makadirio ya mdomoni yakiingia kwenye hesabu, vipimo vyote vinavyofuata huyabeba.

Kufikia saa nne hesabu ziko tayari. Mradi tunaupima kwa saa za kazi: kwa mujibu wa mpango tulipaswa kuwa tumekamilisha kazi ya saa 4,000, na iliyokamilika kweli ni ya saa 3,600. Tofauti ya ratiba ni hasi 400, na kiashiria cha ratiba, yaani 3,600 kugawanywa kwa 4,000, ni 0.90; 1.00 ingemaanisha tuko sawa na mpango.

Katika kikao cha saa tano meneja anauliza swali ambalo wengi huliuliza: "Kwa hiyo tumechelewa saa 400? Tukiongeza watu kumi kwa wiki moja, si tutakuwa tumemaliza?"

"Hapana, Mhandisi," ninamjibu. "Hizo 400 ni kiasi cha kazi ambayo haijafanyika. Hazisemi tumechelewa siku ngapi, wala ni kazi gani iliyokwama."

Ili kupata ucheleweshaji kwa kalenda ninatumia njia ambayo Walt Lipke, mtaalamu wa usimamizi wa miradi, aliieleza mwaka 2003. Ninatafuta katika mpango ni lini tulipaswa kufikia saa 3,600. Mwisho wa mwezi wa 7 mpango ulikuwa na saa 3,400 na mwisho wa mwezi wa 8 ulikuwa na 3,800, kwa hiyo tuko mahali tulipopaswa kuwa katikati ya mwezi wa 8, yaani mwezi wa 7.5. Miezi 9 imepita. Tuko nyuma kwa mwezi mmoja na nusu, na 7.5 kugawanywa kwa 9 ni 0.83. Kwa mwendo huo miezi 10 inakuwa 12, ilhali anayetegemea 0.90 peke yake angetarajia miezi 11 na siku chache.

Pengo kati ya namba hizo mbili litazidi kupanuka. Kazi yote itakapokamilika, iliyofanyika itakuwa sawa na iliyopangwa, na kiashiria cha kawaida, kile kinachosoma 0.90 leo, kitasoma 1.00 hata kama jengo litakabidhiwa likiwa limechelewa mwaka mzima. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, kukitumia peke yake katika theluthi ya mwisho ya mradi ni kumpotosha anayelipia kazi.

Saa nane mchana ninakwenda kwenye jengo. Ghorofa ya juu vigae vimewekwa na rangi imepakwa kabla ya wakati; sehemu hiyo peke yake inasoma 1.06. Kwenye chumba cha umeme, hata hivyo, nyaya za kutoka ghorofani zinaning'inia bila kuunganishwa kwenye paneli, na sehemu hiyo inasoma 0.70. Umeme uko kwenye mfuatano wa kazi unaoamua tarehe ya kukabidhi jengo, na muda wake wa akiba umekwisha. Rangi ingeweza kusubiri wiki tatu bila kumchelewesha mtu yeyote. Jumla ya mradi imezichanganya sehemu hizo mbili, na saa moja ya rangi imehesabiwa sawa na saa moja ya umeme.

Saa kumi jioni ninaandika taarifa. Ninaweka 0.83 juu ya 0.90, ninaeleza kwamba makadirio ya miezi 12 yanashika iwapo mwendo hautabadilika, na ninapendekeza kwamba watu wa kuongezwa wawe mafundi umeme watakaoanzia kwenye paneli. Meneja anapiga simu kabla sijaondoka, akitaka kujua ukaguzi wa umeme unaweza kufanyika tarehe gani.