Kumbukumbu ya mradi: chati ya 1952 imekubali kuingia

Imekubali! Jana saa saba usiku kanzidata yangu ya magazeti ya muziki ya Uingereza iliipokea chati ya kwanza (orodha ya santuri zinazouzwa zaidi) ya gazeti la NME, yaani New Musical Express, ya 14 Novemba 1952, bila kutema wimbo hata mmoja. Wiki tatu nimehangaika na kipande cha gazeti kinachofunikwa na kiganja.

Chati ile ina nafasi 12 lakini santuri 15. Nafasi ya 7 wamefungana Vera Lynn na Frankie Laine. Ya 8 wamefungana tena: Doris Day akiwa na Laine huyohuyo, na Ray Martin. Ya 11 ni Mario Lanza na Max Bygraves. Sasa sisi tuliozoea matokeo ya mitihani tunajua wawili wakifungana wa 7, anayefuata ni wa 9. NME hawakuhesabu hivyo. Baada ya 7 mbili wakachapa 8. Fomula ya RANK, ile ya lahajedwali inayopanga nafasi, ikawa inawasukuma watu chini: Vera Lynn, aliyekuwa na wimbo mwingine nafasi ya 9, akatua 11, na Johnnie Ray, wa 12 gazetini, akaishia 15. Narekebisha kwa mkono, nikipanga upya safu, wanarudi kulekule. Nilikasirika mpaka nikafunga kompyuta siku mbili.

Nikahamia SQLite, programu ya kanzidata, nikafanya kosa jingine: ufunguo, yaani alama isiyoruhusiwa kujirudia, nikauweka tarehe na nafasi, kwa hiyo kila aliyefungana na mwenzake akakataliwa mlangoni. Dawa imekuwa safu mbili. Moja ni nafasi kama ilivyochapwa, haiguswi na fomula yoyote. Nyingine ni mpangilio wa 1 hadi 15, ya mashine tu. Kwa kazi hizi lahajedwali sirudii. Linajifanya kujua kuliko gazeti lenyewe.

Na orodha ile inastahili heshima hiyo. Kabla yake, Waingereza walipima umaarufu wa wimbo kwa mauzo ya karatasi za nota. Percy Dickins wa NME akashika simu, akauliza maduka takriban 20 santuri zipi zinauzika zaidi. Gazeti lenyewe promota wa muziki Maurice Kinn alikuwa amelinunua mwaka huohuo kwa pauni 1,000, likiwa bado na wapiga akodiani kwenye jina lake. Kufikia 1964 lilikuwa linauza nakala zaidi ya 300,000 kwa wiki.

Nimeongeza pia safu ya jina la gazeti, maana mwaka 1963 “Please Please Me” ya Beatles ni namba 1 kwa NME na Melody Maker, ila kwa Record Retailer ni namba 2. Siamui nani mkweli. Naingiza zote.

Mpango wa wiki hii ulikuwa kuchora mstari wa miaka ya magazeti haya: Melody Maker kuanzia 1926 mpaka ilipomezwa na NME mwaka 2000, Sounds kuanzia 1970 mpaka Aprili 1991, na wengine. Sijachora. Nilikuwa naskani kurasa za nyuma za Melody Maker (wenzangu, wekeni karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa, wino wa upande wa pili hautapenya) nikanasa kwenye matangazo madogo ya wanaotafuta wanamuziki. Herufi ndogo kama punje za ulezi, mistari imebanana. Ni humo humo, mwaka 1970, bendi ya roki ya Genesis walimpata mpiga dramu Phil Collins na mpiga gitaa Steve Hackett. Hawa ndio wasomaji ninaotaka kuwajua: waliokuwa wakilifungua gazeti kuanzia nyuma, wakitafuta bendi.

Jedwali jipya lina safu nne: tarehe, ala, mtaa, na kama tangazo linadai mwombaji aje na amplifaya yake. Mstari wa miaka utasubiri.