Siku moja maishani mwangu: kuchora kijiji cha mlimani

Saa 11 alfajiri begi liko kwenye bodaboda: ubao, karatasi, rangi za maji, chupa mbili za maji, moja ya kunywa. Kutoka Kondoa mjini, mkoani Dodoma, kupanda milima ya Irangi ni vumbi mwanzo mwisho.

Saa 12 na nusu ndiyo saa yangu. Jua likigusa ukingo wa korongo, udongo unawaka mwekundu na kivuli cha chini kinaingia ubluu. Nyumba nyingi siku hizi ni za bati, lakini kuna tembe moja imebaki, na paa lake bapa la udongo. Siiweki katikati. Naiweka chini kushoto, ndogo, halafu naliacha korongo lipande toka kona ya kulia mpaka kwenye moshi wa jiko, jicho la mtazamaji lipande nalo. Mbingu naiachia upana wa kidole tu, ili mlima ukielemee kijiji. Ukimya wa asubuhi ile umo kwenye nafasi hizo. Moshi wenyewe sijaupaka: ni karatasi nyeupe niliyoizungushia rangi ya mlima, na mkono ukiteleza hapo hakuna kufuta. Kiangazi rangi inakauka kabla hujageuza brashi.

Saa 3 vivuli vimefupika. Nashuka.

Saa 7 mteja anafika, mzee mmoja mwenye nyumba ya wageni Dodoma. Shikamoo, marahaba, anaishika picha.

"Fundi, huku juu weka theluji kidogo. Wageni wanapenda."

"Mzee, hii ni Irangi."

"Basi twiga. Na nyumba isogeze katikati, mbona umeificha? Hili korongo lifunike majani, linatia huzuni."

Hapo nikaweka brashi chini. Nikamweleza kwamba korongo hilo ndilo kijiji chenyewe. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza 1973 kwa sababu ya makorongo kama hayo, na 1979 mifugo ikaondolewa ardhi ipone. Babu yangu aliswaga ng'ombe wake akawapeleka mbali, akarudi na fimbo mkononi. Nikilifunika majani, kinabaki kilima cha popote.

Akasikiliza. Kisha: "Lakini umechora asubuhi moja tu. Bei yote hii ya nini?"

Tukaanza upya. Nikamtolea michoro sita ya penseli ya mahali pale pale, niliyoikataa wiki nzima. Akaja na hoja ya twiga tena. Chai ikapoa, ikaletwa nyingine, adhana ya alasiri ikapita. Mgongo ulikuwa unaniuma tangu mlimani, na sauti ilishaanza kukauka.

Picha hakuichukua. Nami sikuibadilisha.

Jioni nasuuza brashi, maji ya ndoo yanakuwa mekundu kama korongo baada ya mvua. Nimempigia kijana wa bodaboda: kesho saa 11 tena. Leo, nikiwa nafunga ubao, bibi mmoja alitoka akasimama mlangoni pa ile tembe, na kanga yake ilikuwa ya njano.