Wekundu wa anatomia

Jana mwanangu wa darasa la sita kaniuliza, eti mama, kompyuta inaweza kujua nani atafeli mtihani ambao hata haujafanyika? Nikamwambia amalizie homuweki. Nilichokikumbuka sikumsimulia.

Ilikuwa mwaka ule wa mfumo mpya kwenye chuo cha udaktari ninakofundisha. Yule mtaalamu wetu wa takwimu alikusanya alama za majaribio, mahudhurio, na idadi ya mara kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alizofungua notsi mtandaoni, akaifundisha kompyuta kwa matokeo ya madarasa yaliyotangulia. Ikatoa orodha: kijani, njano, na nyekundu kwa wanaobashiriwa kufeli. Sina ugomvi naye, ni mtu makini. Ndiye aliyetuonya tusishangilie asilimia: darasa likiwa na watu 200 na wanaofeli ni 10, ukitamka tu kwamba wote watafaulu umeshapatia asilimia 95, na hujamsaidia hata mmoja.

Nikapewa wekundu wa anatomia, niwaite mmoja mmoja.

"Shikamoo Dokta." Kijana mmoja, koti jeupe kalikunja kwapani, ananuka fomalini, ametoka kupasua. Nikamuuliza mbona notsi hafungui. Akanitazama kama nimemuuliza mbona hapumui. "Mbona nasoma, Dokta?" Akafungua begi, akatoa rundo la fotokopi, slaidi sita kila ukurasa, pembeni peni ya bluu imejaza mpaka maneno yamepandana. Kumbe CR wao, yaani kiongozi wa darasa, anapakua mara moja, anarusha kwenye grupu la WhatsApp. Wasio na bando wanachangishana, wanaprinti steshenari ya getini. Mfumo ulimwona msomaji mmoja. Wenzake wote wa hosteli haukuwaona.

Nikamsogezea bahasha ya kaki. "Nichoree neva za mkono." Akaanzia shingoni, neva ya uti wa mgongo iitwayo C5, akashuka mpaka T1, akaunganisha, akagawa, akaunganisha tena, ulimi kauuma pembeni ya mdomo. Alipofika pale neva zinapofanya herufi M mbele ya ateri ya kwapa, akasita. Akafuta kwa kidole gumba, wino ukatapakaa, akachora upya pembeni, safari hii sawasawa. Kisha, bila kuinua macho:

"Dokta, ndiyo nadisko, naondolewa chuo?"

"Nani kakwambia?"

"Tulioitwa wote tunasema hivyo."

Nilimpa soda akaenda. Bahasha nikabaki nayo.

Kwenye kikao niliomba hesabu ya kufungua notsi iondolewe. Nikawakumbusha chuo cha udaktari cha St George's, London, kilichokuwa na programu ya kuchuja waombaji: mwaka 1988 tume ya serikali ya Uingereza ilikikuta na hatia ya ubaguzi, kwa kuwa programu ile iliwashusha wanawake na wenye majina yasiyo ya Kizungu. Haikuubuni ubaguzi huo. Iliandikwa iige maamuzi ya walimu wenyewe. Na sisi, nikasema, tunaifundisha yetu kwamba asiye na bando ni mvivu.

Mtaalamu akajibu kwa upole kwamba tukiiondoa hesabu hiyo, uwezo wa kubashiri unashuka. Halafu akataja binti mmoja mwekundu, aliyekuwa na msiba nyumbani na hakumwambia mtu yeyote. Bila orodha ile tusingemjua. Hapo sikuwa na la kusema, maana mimi ndiye niliyekaa naye akilia. Mwenyekiti akaahirisha, ndivyo vikao vyetu vinavyokwisha.

Mwisho wa mwaka kijana wangu alifaulu anatomia vizuri tu, akala sapu, mtihani wa marudio, ya biokemia. Mtaalamu akanitumia ujumbe: "Umeona?" Sikumjibu. Inawezekana mashine ilipatia. Inawezekana pia kwamba mtoto wa watu, akishaitwa mwekundu, alipoteza wiki kadhaa akipiga hesabu za nauli ya kurudi kwao badala ya kusoma. Septemba alirudia, akapita, na biokemia hakuigusa tena.