Leseni ya kujifunzia Ohio: hesabu ya miezi, karatasi na koni tano

Jimbo la Ohio linamruhusu kijana kuomba leseni ya kujifunzia udereva akitimiza miaka 15 na miezi 6. Familia nyingi za Waswahili huku Columbus, Dayton na Cleveland wanaijua namba hiyo. Kinachowaponyoka ni kalenda inayofuata. Leseni hii, ambayo karatasi za BMV, ofisi ya jimbo inayosimamia magari na leseni, zinaiita TIPIC, inadumu mwaka 1, na kijana wa chini ya miaka 18 lazima akae nayo miezi 6 kamili kabla ya kupewa leseni ya kweli. Aliyeichukua siku ileile aliyotimiza miaka 15 na nusu anaweza kupewa leseni hiyo akifika 16. Anayesema "nitaenda nikishakuwa tayari" anaisogeza ile miezi 6 pamoja naye, kwa sababu haianzi kuhesabiwa mpaka kadi iwe mkononi. Chukua kadi mapema, utayari uutafute ndani ya hiyo miezi.

Umri unaohesabiwa ni ule ulioandikwa kwenye hati. Vijana wengi waliokuja kwa njia ya ukimbizi wameandikiwa kuzaliwa tarehe 1 Januari, hata kama mama anakumbuka vizuri kwamba ilikuwa msimu wa mavuno. Kwa BMV, mtoto huyo anatimiza miaka 15 na nusu tarehe 1 Julai, basi. Hakuna atakayesikiliza maelezo dirishani.

Tukiwa kwenye hati, tumalizane nazo, maana hapa ndipo safari nyingi za BMV zinapokwama. Unatakiwa kuthibitisha mambo matano: jina lako kamili, tarehe ya kuzaliwa, namba ya Social Security, uhalali wako wa kuishi Marekani, na kwamba unaishi Ohio. Pasipoti, I-94 (rekodi ya kuingia Marekani), green card au cheti cha uraia vinaweza kubeba zaidi ya jambo moja kwa mpigo. Shida ya Waswahili ni majina. I-94 inasema Mwamini Furaha, shule imeandika Furaha Mwamini, na kadi ya Social Security imemeza herufi moja. Ziweke hati zote mezani usiku wa kuamkia safari, uzisome herufi kwa herufi. Ukikuta tofauti, rekebisha kule ilikotoka kabla ya kwenda BMV. Hati iliyoandikwa kwa Kifaransa au Kiswahili iende na tafsiri rasmi ya Kiingereza; tafsiri ya binamu haitoshi.

Na usiende peke yako. Chini ya miaka 18, mzazi au mlezi wa kisheria anakwenda nawe na kutia saini, naye awe na kitambulisho chake. Saini hiyo ina uzito: kisheria anajifunga na uzembe wako barabarani. Kama unalelewa na shangazi au kaka mkubwa, jambo la kawaida kabisa kwetu, abebe karatasi za mahakama zinazoonyesha ulezi. Kama hana, apige simu ofisini kwanza aulize nani anaweza kusaini, badala ya kupoteza siku ya kazi kwenye foleni.

Mtihani wa maandishi ni maswali 40 ya kuchagua jibu, kuhusu sheria na alama za barabarani. Unahitaji 75%, yaani majibu 30 sahihi. Unaweza kuufanya mtandaoni ukiwa nyumbani au kwenye kituo cha mitihani. Kitabu chake ni Digest of Ohio Motor Vehicle Laws, kinapatikana bure, na ndicho cha kusoma. Programu za simu zenye maswali ya majimbo yote zinachanganya: Ohio ina namba zake, na mtihani unapenda namba.

Namba zenyewe si nyingi. Onyesha indiketa futi 100 kabla ya kukata kona. Usipaki ndani ya futi 10 kutoka bomba la zimamoto, futi 20 kutoka kivuko cha miguu kwenye makutano, wala futi 30 kutoka alama ya STOP. Eneo la shule wakati wa watoto ni maili 20 kwa saa. Mtu wa chini ya miaka 21 anahesabiwa kuwa amelewa akiwa na kiwango cha pombe kwenye damu cha 0.02, wakati mtu mzima ni 0.08. Waipa zikifanya kazi, taa ziwe zimewashwa. Swali la basi la shule ndilo linalowaangusha wengi: barabara ikiwa na njia chini ya nne, magari ya pande zote mbili yanasimama, angalau futi 10 kutoka kwenye basi; ikiwa na njia nne au zaidi, wanaotoka upande wa pili hawalazimiki kusimama.

Kwa anayesoma Kiingereza kama lugha ya tatu au ya nne, tatizo huwa maneno zaidi ya sheria. Yield ni kumpisha mwenzako. Merge ni kujiunga na magari yanayokwenda tayari. Right-of-way ni haki ya kupita kwanza. Swali likiuliza nani anayo, ligeuze kichwani: nani anatakiwa kupisha? Jibu litajitokeza lenyewe. Soma pia rangi na maumbo bila maneno: pembenane nyekundu ni kusimama, pembetatu iliyopinduliwa ni kupisha, almasi ya njano ni onyo, duara la njano ni reli mbele. Ukifeli, huo si mwisho wa dunia, lakini usirudie ukiwa bado hujafungua kitabu.

Macho nayo yanapimwa. Kiwango cha kuendesha bila masharti ni 20/40. Kama una miwani, ivae siku hiyo. Kadi itaandikwa kwamba lazima uivae, na kuanzia hapo kuendesha bila miwani ni kosa.

Ada ya kadi ni ndogo. Pesa iko kwenye shule ya udereva, inayofika mamia ya dola: saa 24 za darasani au mtandaoni, na saa 8 za usukani na mwalimu mwenye kibali. Saa za usukani haziwezi kuanza bila TIPIC. Zamani ushauri wa mitaani ulikuwa "ngoja ufike 18, utakwepa shule." Ushauri huo umekufa: tangu mwishoni mwa Septemba 2025, Ohio inamtaka hata mwenye miaka 18 hadi 20 anayeomba leseni ya kwanza apite shule ya udereva. Kama bado kuna mtu anakushauri usubiri, anatumia habari za jana.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mbali na shule, chini ya 18 unatakiwa kuendesha saa 50 na mzazi, 10 kati yake ziwe za usiku. Mwisho mzazi anajaza fomu BMV 5791 na kuisaini mbele ya notari (ofisa anayethibitisha saini), kwa hiyo ni kiapo. Asiisaini nyumbani mapema. Saa 50 zinatisha kwa mbali, lakini wiki 25 kwa saa 2 kila wiki zinazimaliza, na miezi 6 ina wiki 26. Weka daftari kwenye gari, andika tarehe, dakika, na mlifanya nini. Saa za usiku zipangeni kwa msimu: Desemba jua linazama saa 11 jioni, kwa hiyo safari ya kwenda dukani baada ya shule inahesabika. Juni giza linaingia baada ya saa 3 usiku, na hapo kila mtu amechoka.

Ukiwa na miaka 15, anayekaa kiti cha mbele kando yako lazima awe mzazi, mlezi au mwalimu wa udereva. Mjomba mwenye leseni hatoshi. Ukifika 16, anaweza kuwa mtu yeyote mwenye leseni aliyetimiza miaka 21, isipokuwa kati ya saa 6 usiku na saa 12 asubuhi, ambapo anarudi kuwa mzazi au mlezi peke yake. Simu iwe mbali kabisa. Na kabla ya kuwasha gari siku ya kwanza, mzazi apigie kampuni ya bima kuwaambia kuna mwanafunzi nyumbani.

Kuna kitu kimoja ambacho vitabu vya Ohio havikitaji kwa sababu hakiwahusu. Mzazi aliyejifunza gari Dar es Salaam, Nairobi au Kampala alifundishwa kuendesha upande wa kushoto wa barabara. Hata akiwa ameendesha hapa miaka kumi bila ajali, mwili wake unakumbuka, na anapofundisha huwa anasema kwa haraka yale ya zamani. Huko kukata kushoto ni kona ndogo ya karibu. Hapa kukata kushoto ni kuvuka mbele ya magari yanayokuja, na ndiyo kona ya kufanyia mazoezi mara nyingi zaidi. Kosa la kawaida ni kumaliza kona ukiwa kwenye njia ya wanaokuja, hasa asubuhi mapema wakati barabara ni tupu na hakuna gari la kukukumbusha. Kwenye kipilefti cha hapa magari yanazunguka kinyume cha saa, na unampisha anayetoka kushoto kwako. Mzazi kutoka Bukavu, Kigali au Bujumbura hana tatizo hili, kwa hiyo kama nyumbani wapo wawili, mjue nani akae kando ya mtoto siku za mwanzo.

Taa nyekundu ina mtego wake. Unaruhusiwa kukata kulia ukishasimama kabisa na kupisha, kama hakuna bango linalokataza. "Kusimama kabisa" maana yake magurudumu yametulia. Kupunguza mwendo na kuteleza ni kosa, na mtahini analiona.

Mtihani wa mwisho una sehemu mbili: barabarani, na koni. Barabarani hakuna siri zaidi ya hayo niliyoyasema, kuangalia vioo kwa kugeuza kichwa kweli, na kuweka mikono miwili kwenye usukani. Koni ndizo zinazorudisha watu nyumbani. Koni nne zinafanya boksi la futi 9 kwa futi 20, ya tano iko katikati, futi 20 mbele ya boksi. Unaanza ndani ya boksi, unakwenda mbele ukipita kulia au kushoto kwa koni ya tano kama ulivyoambiwa, unasimama gari likiwa limenyooka na bampa ya nyuma iko sambamba na koni hiyo. Kisha unarudi kinyumenyume, unaipita, unanyoosha, unapita katikati ya boksi, na kusimama bampa ya mbele ikiwa sambamba na koni mbili za nyuma. Kuigusa koni kunakupunguzia alama. Kuiangusha au kuipanda ni kufeli hapohapo.

Toyota Corolla ina upana wa karibu futi 6, kwa hiyo una futi moja na nusu kila upande. Inatosha. Kinachoharibu ni haraka ya usukani: wakati wa kurudi, wanafunzi wanaukata mapema kabla bampa haijaipita koni ya tano, na ubavu wa gari unaifuata. Kosa la pili ni kusimama katikati kuchungulia; hilo nalo linakatwa alama. Nenda polepole sana bila kusimama, mguu juu ya breki, ukitazama nyuma kupitia dirisha la nyuma lenyewe na si skrini ya kamera. Kwa mazoezi, nunua koni tano au tumia ndoo, lakini chomeka fimbo ndefu kwenye kila moja, maana kitu kifupi hakionekani ukiwa kwenye kiti. Pima kwa futi ya fundi. Boksi la kukisia linakufundisha boksi la kukisia. Fanya pande zote mbili, kwa gari lilelile utakalopeleka kwenye mtihani.

Siku yenyewe kagua gari asubuhi: taa za breki, indiketa zote, honi, mikanda, milango inafunguka kwa ndani na nje. Gari likikataliwa, mtihani haufanyiki. Beba TIPIC, cheti cha shule ya udereva na fomu ya saa 50 yenye muhuri wa notari. Ukifeli unasubiri siku 7 kabla ya kurudia. Ukifaulu chini ya miaka 18, miezi 12 ya kwanza huendeshi kati ya saa 6 usiku na saa 12 asubuhi bila mzazi, isipokuwa kwa safari kama za kazi, shule au ibada ukiwa na karatasi ya kuthibitisha, na hubebi zaidi ya abiria 1 asiye wa familia yako.