Kwikwi ya Baba

Kwikwi ilimshika Baba Jumatatu usiku, Alhamisi ikamkuta nayo.

Alikuwa fundi cherehani, kibaraza chake Ngamiani, Tanga. Kila kwikwi ilipomrusha, mguu ulikandamiza kanyagio na sindano ikaenda kombo. Kanzu ya mteja ilikuwa na pindo kama njia ya siafu.

Dawa za nyumbani tulizimaliza. Maji mafundo saba bila kupumua. Sukari, akalamba mpaka ya chai ikaisha. Shangazi akamvizia nyuma ya mlango, akapiga kelele nyumba inaungua. Baba akageuka taratibu: "Iwa… kwi… che iungue." Mwisho wakambandika kwenye paji la uso uzi uliolowa mate, ule wa watoto wachanga. Akatulia nao, mzee wa miaka sitini. Hapo ndipo nilipoogopa.

Hospitalini daktari, binti mdogo tu, aliuliza imeanza lini. Kwikwi ikipita saa 48, alisema, haichekwi tena. Huenda ni tumbo, huenda ni figo. Akampima damu. Akatueleza kuwa kiwambo, msuli ulio chini ya mapafu, hushtuka chenyewe, kisha koo hujifunga ghafla. Mlio ndio huo. Damu haikuwa na neno. Akaandika klopromazini, miligramu 25, mara tatu kwa siku, na kuonya: "Mzee asiinuke kwa pupa, hii hushusha presha."

Muuza dawa alisoma cheti, akanitazama juu ya miwani.

"Poleni. Anapiga watu?"

"Ana kwikwi."

"Haya," akasema, kama mtu aliyezoea kudanganywa.

Nyumbani Mama alivitambua vile vidonge mara moja. Ndivyo alivyokuwa akipewa kijana wa mtaa wa nyuma akili zilipomruka. "Baba watoto hana wazimu," akasema, akavifundika kwenye pindo la kanga. Nilieleza mpaka nikachoka. Aliyeamua ni Baba, toka kitandani: "Lete hicho… kwi… cha wazimu."

Alilala adhuhuri mpaka usiku. Mama alikaa pembeni akihesabu pumzi zake, maana kimya kile nacho kilimtisha. Kwikwi ilirudi mara mbili tatu, dhaifu, na Jumamosi haikuwepo. Baba akaketi kibarazani, bado ana usingizi machoni, akaanza kufumua pindo la kanzu.

Jirani akapita, akasimama. "Alhamdulillahi! Mmempa nini?"

Mama hakusita. "Sukari."